Mukebuka Kwanza, Baga Baadaye: Historia ya Meza za Kalemie

Vijana wa miji mikubwa wana mchezo wao. Wanakaa wanne au watano kwenye mgahawa wa bei nafuu, kila mmoja anaagiza baga, kisha wanagawa alama: mkate umepata ngapi, nyama imepata ngapi, chipsi zimelowa mafuta au zinalia mdomoni. Kalemie, mji wa bandari kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa Tanganyika, nako mchezo huo unajulikana, na ulijulikana kabla baga haijafika. Tofauti ni kwamba huku anayesomewa mashitaka mezani ni samaki.

Kesi yenyewe huanzia jikoni. Marafiki wakishakaa na chupa za Simba au Primus zikishafunguliwa, mmoja wao, kwa kawaida yule anayejiona mjuzi, huinuka kwenda kuangalia samaki kabla hajachomwa. Humfunua matamvua aone kama bado ni mekundu au yameshageuka rangi ya udongo. Hubonyeza tumbo kwa kidole gumba. Hutazama jicho: likiwa limejaa na linang'aa, mazungumzo ya bei yanaendelea, likiwa limezama, hakuna mazungumzo.

“Mama, huyu ni wa leo?”

“Wa leo, papa. Wametoka naye usiku.”

Ndipo samaki hupasuliwa mgongoni, hupakwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu na pilipili, na kulazwa juu ya makaa. Akija mezani ataambatana na bukari, yaani ugali wa mahindi au wa muhogo, au na kwanga (mkate wa muhogo), au na makemba (ndizi) ya kukaanga. Hapo hukumu huendelea kwa sauti kubwa zaidi. Ngozi imeshikana au imechanika? Nyama inaachia mfupa wenyewe au inang'ang'ania? Mafuta yamebaki ndani au yote yameishia kwenye moto?

Samaki hawaingii mezani wakiwa sawa. Juu kabisa yuko mukebuka, yule ambaye Watanzania wa Kigoma humwita mgebuka na Warundi mukeke: mwembamba, wa rangi ya fedha, mwenye mafuta, anayewinda kwa makundi mbali na ufuko. Kuhe ana mashabiki wake, hasa wazee. Hutajwa miongoni mwa samaki wakubwa kabisa wa ukoo wa sato duniani, na nyama yake nyeupe haina vurugu ya miiba. Sangala huheshimiwa kwa kichwa chake, kinachofaa supu kuliko kuchomwa. Ndagala, yaani dagaa, wale wadogo wa urefu wa kidole, hawana mtu wa kuwatetea mezani. Hata hivyo ndio waliolisha watu wengi kuliko hao wengine wote.

Sifa za samaki wa ziwa hili zina umri mrefu kuliko mji. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Ujiji, kwenye ufuko wa mashariki, mwezi Februari 1858 alikuta soko la samaki linalochangamka, na dagaa wa kuanikwa juani ni miongoni mwa vitu alivyoviandika. Wakati huo Kalemie ya leo haikuwepo. Upande huu wa ziwa kilichojulikana kwa wasafiri ni Mtoa, kituo cha mitumbwi na majahazi yaliyovuka kutoka Ujiji yakibeba misafara ya kwenda Manyema, ndani zaidi ya Kongo. Waliokwenda walibeba nguo na shanga. Waliorudi walibeba meno ya tembo na, kwa aibu ya historia, watu waliofungwa minyororo. Msafara ulihitaji chakula kikavu, chepesi, kisichooza njiani. Dagaa wa kuanika alikidhi masharti yote matatu.

Misafara hiyo haikupita bila kuacha harufu jikoni. Waungwana wa pwani na wafuasi wao walieneza kilimo cha mpunga Manyema, kiasi kwamba Kasongo na Nyangwe zilikuwa na mashamba ya mpunga kabla bendera ya Ubelgiji haijapandishwa huko. Mpishi wa mashariki ya Kongo anayekaanga sambusa asubuhi au kupika wali kwa siku ya harusi anafanya kazi ambayo njia yake ilipitia Ujiji na kuvuka maji. Kiswahili nacho kilivuka kwa mtumbwi huohuo.

Mji ulianza kama ngome. Mwishoni mwa 1891 Kapteni Jules Jacques, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha kupinga utumwa, alijenga boma kwenye ufuko huu na kuliita Albertville, kwa jina la mwanamfalme aliyekuja kuwa mfalme Albert wa Kwanza. Mwaka uliofuata boma hilo lilizingirwa na watu wa Rumaliza, mfanyabiashara na mbabe wa Ujiji. Kusini zaidi, huko Mpala, kituo kilichojengwa mwaka 1883 na Émile Storms kilikuwa kimeshakabidhiwa kwa Mapadri Weupe tangu 1885. Mapadri walileta shule, katekisimu na kalenda ya mfungo. Sheria ya kutokula nyama siku ya Ijumaa, iliyowatesa Wakatoliki wa nchi nyingi, hapa haikumsumbua mtu: nani alihitaji kulazimishwa kula samaki kando ya Tanganyika?

Kilichobadilisha mambo kweli kilikuwa reli. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyoanzishwa mwaka 1902 na tajiri Édouard Empain, ilichonga njia ya kilomita zipatazo 273 kutoka Kabalo kwenye mto Lualaba hadi ziwani, ikafika mwaka 1915 vita vikiwa vimepamba moto. Shehena moja ya mwaka huo huo haisahauliki: boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kutoka Afrika Kusini kwa treni, zikaburutwa porini, zikaelea Lualaba, zikapanda treni tena Kabalo na kushushwa hapa mwezi Oktoba. Tarehe 26 Disemba 1915 ziliiteka meli ya Wajerumani iitwayo Kingani, na Februari 1916 Waingereza wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Vita vikaisha, boti zikasahaulika, reli ikabaki.

Kwa jiko la Kalemie reli hiyo ilikuwa mlango wenye pande mbili. Ng'ambo ya ziwa Wajerumani walikuwa wamefikisha reli yao Kigoma mwaka 1914. Baada ya vita, kwa mkataba wa 1921, Ubelgiji ilipewa maeneo yake maalumu katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam. Bidhaa zilizoshushwa Dar zikapanda treni hadi Kigoma, zikavuka ziwa, zikaingia Kongo kupitia Albertville. Unga wa ngano, sukari na makopo ya maziwa yangeweza sasa kufika kwa ratiba, wala si kwa bahati. Mkate, ambao bila ngano ya kutoka mbali haupo, ukaweza kuwa chakula cha kila siku kwa aliyekuwa na fedha ya kuununua.

Upande wa pili wa mlango alitoka samaki. Sheria ya mikataba ya kazi ya mwaka 1922 ilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi chakula, ile posho inayokumbukwa na kila familia yenye babu aliyefanya kazi kwa Wabelgiji. Migodi ya Katanga ilitaka chakula kinachostahimili safari na chenye nguvu ya kumwinua mtu wa sululu, na ndagala mkavu akaingia kwenye magunia pamoja na unga na chumvi. Albertville yenyewe ilikuwa na wafanyakazi wake wa kulisha: watu wa bandari na wa reli, wachimbaji wa makaa ya mawe ya bonde la Lukuga, na baadaye wafumaji wa kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Mwaka 1956 Kabalo iliunganishwa na Kamina, na kwa hiyo na mtandao wa reli wa Katanga. Tangu hapo gunia la ndagala lililofungwa Albertville liliweza kuelekea Lubumbashi kwa reli tupu, bila kipande cha mto.

Nani, lakini, alikula wapi? Katika miji ya Kongo ya Kibelgiji swali hilo lilikuwa na jibu la polisi. Mtaa wa Wazungu ulikuwa na hoteli zake na meza zenye vitambaa. Cité ya Waafrika ilikuwa na baa zake, na usiku ukiingia Mwafrika hakuruhusiwa kuzurura mtaa wa Wazungu bila kibali. Mpishi aliyejua kutengeneza mchuzi wa siagi kwa ajili ya mukebuka wa bwana wake hakuweza kukaa kwenye meza hiyo. Alirudi cité, na huko ndiko desturi ninayoiandika hapa ilikopata umbo: watu waliotoka zamu moja, mshahara umeingia, bia katikati, samaki mmoja mkubwa kwa wote, na mjadala. Mpishi wa Wazungu ndiye aliyeogopwa zaidi kwenye meza hizo, kwa kuwa alikuwa ameonja namna zote mbili.

Bia yenyewe ilikuwa bidhaa ya kiwanda tangu miaka ya 1920. Bralima, watengenezaji wa Primus, walianzishwa Kinshasa mwaka 1923, wakati mji huo ukiitwa Léopoldville. Chupa kubwa ya kugawana ilikuja na tabia yake: haimalizwi haraka, na asiyekuwa na haraka ana muda wa kuchambua samaki.

Samaki naye alibadilika, au tuseme namna ya kumpata ilibadilika. Uvuvi wa ziwa hili ni kazi ya usiku na ya giza, kwa sababu ndagala hufuata mwanga, na mukebuka humfuata ndagala. Zamani wavuvi waliwasha moto wa kuni kwenye mitumbwi na kuwachota samaki kwa wavu wenye mpini. Baadaye kuni zilipisha taa za karabai. Katika miaka ya 1950 wavuvi wa Kigiriki walileta ziwani vyombo vya chuma na nyavu kubwa zinazozungusha kundi zima la samaki kabla ya kufungwa kwa chini kama mfuko. Wavuvi wadogo nao wakaunganisha vyombo viwili viwili na kuning'iniza wavu katikati. Siku hizi taa nyingi ni za betri na sola, lakini kanuni ni ileile, na udhaifu ni uleule: mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi. Kwa siku kadhaa katikati ya kila mwezi wavuvi wengi hubaki nchi kavu. Mlaji mjanja wa Kalemie huangalia juu kabla ya kuangalia menyu.

Wagiriki hawakudumu. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zinapita mikononi mwa Wazairwa, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo, na kote nchini wafanyabiashara wa Kigiriki, Kireno na Kihindi walikusanya virago. Kazi ya kulisha mji ilibaki kwa wavuvi wa mitumbwi na kwa akina mama wanaowapokea alfajiri, na akina mama hao, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndio walioishikilia biashara hiyo hata wakati wa wenye vyombo vya chuma.

Kuna barafu pia, na habari zake ni za ajabu kidogo. Umeme wa Kalemie hutoka Bendera, kwenye mto Kyimbi kaskazini mwa mji, katika bwawa lililojengwa miaka ya 1950. Mwishoni mwa Juni 1965 ngome iliyolinda kituo hicho ilishambuliwa na wapiganaji wa Kikongo na wa Kinyarwanda wakiwa na Wakuba wa Che Guevara. Shambulio lilishindwa, Wakuba wanne waliuawa, na nyaraka walizobeba ziliithibitishia dunia kwamba Kuba imo Kongo. Wanahistoria huandika juu ya Che. Mwenye nganda, yaani baa ya chakula, hufikiri juu ya friji: mashine za Bendera zikisimama, barafu inakuwa maji, na samaki wa jana anakuwa wa jana kweli.

Mwaka mmoja kabla, tarehe 19 Juni 1964, waasi wa Simba walikuwa wameuteka mji. Jason Sendwe, kiongozi wa Baluba wa Katanga na rais wa jimbo, aliuawa katika siku hizo. Mwishoni mwa Agosti jeshi la serikali pamoja na mamluki liliurudisha. Vita vya 1996 na vya 1998 vilipita humu humu, na tarehe 5 Disemba 2005 ardhi yenyewe ilitetemeka kwa kipimo cha 6.8 na kuangusha nyumba. Mwaka 2015 Kalemie ikawa makao makuu ya jimbo jipya la Tanganyika. Katika miaka hiyo yote uliingia mjini umati mwingine wa wageni: watu wa mashirika ya misaada na walinda amani wa Umoja wa Mataifa, ambao walifunga ofisi yao ya Tanganyika mwishoni mwa Juni 2022. Mji wenye wageni wa namna hiyo huzaa menyu ya namna yake: omleti, spageti, chipsi, na sandwichi ya nyama ya kusaga.

Ndiyo baga yenyewe. Na mjuzi wetu wa matamvua anapata shida nayo mara moja.

Atakagua nini? Nyama ikishasagwa haina jicho la kutazamwa wala tumbo la kubonyezwa. Ng'ombe huenda alitoka nyanda za juu za Marungu, ambako mifugo ilistawi tangu enzi za wakoloni, au kwingineko kabisa. Kipande kilichoumbwa duara hakisemi. Hukumu yote ya Kalemie huanzia kabla ya moto, na chakula hiki kinafika kikiwa kimeshafunikwa kwa mkate juu na chini.

Wamarekani wenyewe waliwahi kuwa na wasiwasi huohuo. Riwaya ya Upton Sinclair ya mwaka 1906, *The Jungle*, ilipoeleza uchafu wa machinjio ya Chicago, nyama ya kusaga ilipata sifa mbaya kuliko nyingine zote. White Castle walipofungua duka lao la kwanza huko Wichita mwaka 1921 walifanya mambo mawili kwa makusudi: walipaka jengo rangi nyeupe tupu, na waliikaanga nyama mahali mteja anapoiona. Kabla ya kuuza ladha walilazimika kuuza imani. Mama wa jiko la makaa Kalemie, anayeinua samaki kwa mkia na kumgeuza mbele ya mteja, angeielewa biashara hiyo bila kuhitaji maelezo.

Kuna baga moja ambayo ingepata utetezi mzuri zaidi hapa. Mwaka 1962 mwenye mgahawa wa McDonald's huko Cincinnati, Lou Groen, aliona wateja wake Wakatoliki wakimkimbia kila Ijumaa kwa sababu hawali nyama. Akatia samaki ndani ya mkate, na mauzo yake ya Ijumaa yakapona. Kalemie, kiti cha jimbo katoliki la Kalemie-Kirungu, ina Wakatoliki wa kutosha, ina Ijumaa, na samaki wamo mlangoni. Inachokosa ni sababu ya kumficha samaki ndani ya mkate.

Mkate ndio unaobaki kupewa alama, na hapo vijana wa Kalemie si wapole. Umepigwa moto ukakauka au umekuwa sifongo? Unabeba mchuzi au unasambaratika mkononi? Wengi wao walikua wakila mkate kwa chai asubuhi, au umepasuliwa na kutiwa parachichi au yai, kwa hiyo wanaujua vizuri kuliko wanavyoijua nyama iliyomo. Bei nayo huhukumiwa. Unga wa ngano bado unatoka mbali na kuvuka maji au barabara mbovu, na kila kituo njiani kinaongeza chake. Kwa fedha ya baga moja na chipsi zake, marafiki watatu wanaweza kuanza mazungumzo mazito na mukebuka mkubwa.

Ila mukebuka naye hapatikani kirahisi kama zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la *Nature* ulionyesha kwamba ziwa limekuwa likipata joto, tabaka zake hazichanganyiki vizuri, na chakula cha samaki kimepungua. Tangu 2020 maji yamepanda hadi kumeza nyumba na biashara za ufukoni, na 2024 ilikuwa mbaya hasa. Nganda zilizozoea kuweka viti mchangani zililazimika kusogea. Mwaka huohuo Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa kufuata makubaliano ya nchi nne zinazogawana ziwa, ili samaki wapate kuzaliana.

Siku za mwezi mpevu, au wavuvi wanapokuwa nchi kavu kwa sababu nyingine, mtungo wa mikebuka hupanda bei na mama jikoni huwa na kuku na mbuzi tu wa kuonyesha. Hapo ndipo mdogo kuliko wote mezani hupendekeza wajaribu ile sandwichi ya nyama ya kusaga ya hoteli iliyo karibu na bandari. Wenzake hawakatai. Wanamwambia alipe yeye.